Droni Ikikataa Amri Mpakani Mokambo

Mpaka wa Mokambo, katika eneo la Sakania mkoani Haut-Katanga, hauna mto wala ukuta. Waingereza na mawakili wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walipoafikiana mwezi wa Mei 1894 juu ya mipaka ya milki zao, waliufuata mgongo wa nchi unaoyatenga maji yaendayo mto Kongo na maji yaendayo Zambezi. Na mgongo huo, kwa mtu aliyesimama juu yake, ni mwinuko mpole wenye miti na vichuguu, na kwa kamera iliyopaa mita 100 haupo kabisa. Upande huu malori ya shaba hupanga foleni kungoja karatasi za forodha. Upande wa pili, mwendo mfupi wa gari, ni Mufulira ya Zambia. Na kutoka kituoni barabara huukata ule mkono wa ardhi ya Kongo uliojipenyeza ndani ya Zambia, hata ikafika daraja la Chembe juu ya mto Luapula.

Ni mahali pa kumvutia mno mwenye droni ya kupigia picha, na kwa sababu zile zile ni mahali pabaya pa kupokonywa hatamu zake. Foleni ya malori ikitazamwa kutoka juu mapema asubuhi, vumbi likiwa bado limelala, hupendeza hata machoni pa dereva aliyekesha ndani yake. Na kijana wa Lubumbashi, tuseme, aliyekuja kupiga picha za harusi ya wenyeji, naye anacho chombo mkobani kinachozidi simu kwa uzito kidogo tu, hangoji kuombwa. Hukunjua mikono ya droni, huiweka juu ya boneti ya gari ili rafadha zisikwaruzwe na changarawe, huiwasha, huiinua. Katika matendo hayo, yasiyochukua hata dakika mbili, amekwisha kutenda makosa mawili ambayo hatayatambua mpaka chombo kiwe mbali naye. Nami nitalieleza kila moja mahali pake.

Aliyepotelewa na droni aghalabu husema kwamba imekimbia, kana kwamba ilikuwa na nia. Siikubali kauli hiyo ila kwa nadra. Katika mikasa iliyo mingi chombo hakikuasi: kilitii, tena kwa uaminifu wa kutisha, amri iliyoachwa ndani yake kabla ya kuruka, au kiliamini habari za uongo kilizopewa na mahali ambapo mwenyewe alikichagulia. Kishada cha mtoto, uzi ukikatika, huenda na upepo kikanasa mwembeni, maana hakina akili ya kufanya lolote jingine. Lakini droni, uzi wake wa redio ukikatika, hapo ndipo hasa inapoanza kuamua kwa nafsi yake, na kila itakaloamua imefundishwa na mrushaji, kwa kujua au kwa kutojua. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua namna ya kuiokoa droni iliyokataa amri hana budi kuanza kuitazama ikiwa bado iko chini.

Rimoti na droni huzungumza kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 au 5.8, yale yale yatumiwayo na vifaa vya intaneti vya majumbani, na mawimbi ya namna hii hayapendi kizuizi: hudhoofika yakipita katika majani mabichi, na nyuma ya kontena la chuma hayafiki. Mtu aliyesimama kati ya malori mawili, droni yake ikiwa imepita nyuma ya la tatu, asistaajabu skrini ikiganda kisha ikawa nyeusi. Jambo la kwanza hapo ni kutozima kitu chochote. Atoke penye kizuizi, ainue rimoti, aielekezee droni ubapa wa antena wala si ncha zake, kwa kuwa mawimbi hutoka ubavuni mwa antena na nchani hamna kitu. Na mara nyingi sekunde chache hutosha kuirudisha picha. Ikiwa kilichokufa ni simu tu, kwa joto la jua la Septemba, na rimoti yenyewe ingali ikiwasha taa yake, basi vijiti bado vinatiiwa: iliyopotea ni picha, na mwenye macho anaweza kuirudisha droni kwa kuitazama, maadamu hakuiacha iende asikoweza kuiona.

Mawasiliano yasiporudi, droni hufuata mojawapo ya njia tatu zilizochaguliwa katika programu yake: kurudi ilikoondokea, kusimama hewani, au kutua hapo hapo ilipo. Wengi huuacha uchaguzi huu kama ulivyotoka kiwandani, bila hata kuusoma. Kurudi ndiyo njia njema karibu kila pahali, isipokuwa ndani ya ukumbi au chini ya matawi, ambako kupanda ni kujigonga. Walakini kurudi kuna masharti. Sharti la kwanza ni chombo kujua kilikoondokea, nacho hupaandika mahali hapo pale tu kinapopata setilaiti za kutosha. Kijana wetu, aliyeiinua droni kabla ya programu kumwarifu kwamba mahali pa kurudi pamehifadhiwa, aliiacha ipande ikiwa haina kwao. Na huenda ikapaandika kwao popote ilipokuwapo pale setilaiti zilipotimia, juu ya paa la forodha au juu ya miti ya ng'ambo. Hilo ndilo kosa lake moja. Sharti la pili ni kimo, na hili huwanasa hata wazoefu. Droni hupanda kwanza hadi kimo ilichowekewa, ndipo hurudi kwa mstari ulionyooka, na kimo hicho huhesabiwa tangu ardhi ilikoondokea, si tangu ardhi iliyo chini yake wakati huo. Basi mtu aliyerushia bondeni akaweka mita 30, ilhali kati yake na droni pana mwinuko wenye mnara wa simu, ameiandikia droni yake ajali kwa mkono wake mwenyewe. Zipo zenye macho ya kukwepa vizuizi, lakini macho hayo aghalabu hayauoni waya mwembamba, na gizani hayaoni kitu.

Sasa ile boneti. Droni hujua iliko kwa setilaiti, lakini pua yake inaelekea wapi hujua kwa dira ya sumaku, na dira hiyo ni nyepesi ya kudanganyika. Msomaji wa Katanga asidhani ya kwamba shaba ndiyo yenye hatia: shaba haivutwi na sumaku, na lori lililojaa shaba tupu lisingeisumbua dira kwa sababu ya mzigo wake, kinachoisumbua ni lori lenyewe, na reli, na nondo zilizomo ndani ya zege, na nyaya za umeme mkubwa zinapopitisha mkondo, mfano zile zitokazo Inga hadi Kolwezi kwa takriban kilomita 1,700. Droni ikiwashwa juu ya chuma hujifunza kaskazini ya uongo. Ikisha kupaa na kuachana na chuma kile, dira na setilaiti huanza kupingana: setilaiti zasema tumesukumwa mashariki, ubongo waamuru tuinamie magharibi, lakini magharibi ya dira siyo magharibi ya dunia, basi sahihisho laongeza kosa, na kosa ladai sahihisho kubwa zaidi. Aliye chini huiona droni ikizunguka duara, dogo kwanza, kisha pana, kisha pana na la kasi, mpaka igonge kitu.

Hapo wengi hubonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, na hapo ndipo kitufe hicho kinapodhuru, kwa sababu safari ya kurudi nayo huongozwa na dira ile ile iliyopotoka. Mrushaji aachie vijiti kidogo, kisha aipandishe polepole kuiepusha na chuma kilicho jirani. Na kama chombo chake kinayo hali ya kurushwa pasipo setilaiti, ahamie hali hiyo, akirudishe kwa macho na mikono. Kama hakina, akiongoze kwa miguso midogo hadi uwanja mtupu ulio karibu akitue huko, wala asitamani kukileta mpaka miguuni pake. Kinga ni rahisi kuliko dawa: kurushia juu ya udongo au ubao, hatua kadhaa mbali na gari, na programu ikilalamika juu ya dira, kuhama mahali kwanza kabla ya kuanza kuinyoosha dira yenyewe, kwa maana dira iliyonyooshwa kando ya chuma imepotoshwa tu kwa utaratibu.

Setilaiti nazo si za kutegemewa kama watu wanavyodhani. Zile za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na sauti yake ikifika ardhini ni hafifu mno, hata kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi kikawa na nguvu kuizidi. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya kuvurugwa kwa GPS katika Kivu Kaskazini, kulikozihatarisha ndege zilizobeba watu na misaada. Katanga iko mbali na vita vile, lakini haiko mbali na jua: katika nchi za joto, saa chache baada ya machweo, tabaka la juu la hewa lililotiwa umeme na mionzi ya jua huchafuka, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutetemeka, hususan miezi ya Machi na Septemba. Mpenda picha za machweo alijue hilo. Droni iliyokosa setilaiti haianguki. Hukaa sawa na kushika kimo chake, lakini huwa haina breki, na upepo huichukua taratibu wakati mwenyewe anashangaa kwa nini haisimami. Dawa ni kuusukuma upepo kwa kijiti, bila kupumzika, mpaka itue. Hilo ni jambo la kujifunza kwenye kiwanja cha mpira kisicho na watu, asubuhi tulivu, na nastaajabu ni wangapi wanaotoza fedha za harusi bila ya kuwahi kulijaribu.

Na upepo wenyewe una mengi. Mokambo iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa sehemu moja hivi katika tisa. Rafadha sharti zizunguke kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, na betri hulipa. Kisha katika miezi ya kiangazi upepo aghalabu hutoka upande wa mashariki, yaani huisukuma droni kuelekea Zambia. Tufanye hesabu. Droni yenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde, ikienda na upepo wa mita 7, hupita ardhi kwa mita 17 kila sekunde, na kilomita moja huimaliza kwa dakika moja. Mrushaji hufurahi, akauona wepesi ule kuwa ni wa chombo chake. Ikigeuka kurudi, mita 10 kuondoa 7 ni 3, na kilomita ile ile yataka dakika tano na nusu. Huko juu, ambako kurudi kwa yenyewe huipeleka, upepo ni mkali kuliko chini, na huenda mita 3 zile zikawa sifuri: droni yaning'inia mahali pamoja, pua ikielekea nyumbani, betri ikiyeyuka.

Hapa namna ya kuiokoa yaenda kinyume na silika. Silika humwambia mtu aiache mashine ijirudie. Naye yampasa aikatize safari ile ya kujirudia, aishushe hadi kimo cha chini kinachoipisha miti, ambako upepo umevunjika, aitie katika hali ya mwendo wa kasi, na airudishe kwa mkono. Akiona kwamba hesabu haitatimia, achague mapema uwazi wa kutua upande huu wa mpaka, betri ikiwa bado inampa nafasi ya kuchagua. Maana betri ikifikia kiwango cha hatari droni nyingi huanza kushuka zenyewe, na ingawa vijiti bado vinaweza kuipeleka kushoto au kulia wakati wa kushuka, hapo mtu anachagua tu kati ya paa na kijito. Siku ya upepo, basi, aanze safari kwa kuukabili upepo, ili arudi nao.

Juu ya taharuki sina mengi, ila kwamba imezipoteza droni zilizokuwa nzima kabisa. Chombo cha ukubwa wa kitabu, kikifika mita 300 au 400, ni nukta, na nukta haina pua wala mkia. Mrushaji husukuma kijiti kushoto, akaiona ikienda kulia kwa kuwa ilikuwa imemgeukia, akashtuka akasukuma zaidi. Mshale ulio katika ramani ya programu humwonyesha pua ilipo, basi aigeuze kwanza mpaka pua imwache, ndipo aisogeze. Na kuwa na mtu wa pili asiyetazama skrini ni bora kuliko mshale: "Yaya, iko juu ya ule mwembe, inakwenda kwa malori," maneno ya mdogo kumwambia kaka yake mkubwa kwa desturi ya Lubumbashi, yamfaa mrushaji kuliko ramani iliyoganda.

Yote hayo ni ya kuokoa mali. Liko jambo lililo juu ya mali. Mwezi wa Oktoba 2006 droni ya jeshi la Ubelgiji, iliyoletwa na kikosi cha Umoja wa Ulaya wakati wa uchaguzi wa Kongo, ilianguka mjini Kinshasa, ikamwua mwanamke mmoja na kuwajeruhi wengine. Naye hakuwa na habari ya maamuzi ya rubani wala ya betri, alikuwa katika shughuli zake. Chombo kile kilikuwa kikubwa, ni kweli. Lakini hata droni ya kamera, ile iliyoanguka tarehe 22 Desemba 2015 katika mashindano ya kuteleza thelujini huko Madonna di Campiglio nchini Italia, ilitua kwa kishindo nyuma tu ya Marcel Hirscher wa Austria akiwa katikati ya mteremko, mbele ya televisheni za dunia. Ingalimkuta hatua moja nyuma, sijui nani angeuliza habari za picha. Kwa sababu hiyo, droni ikielekea juu ya watu na haisikii amri yoyote ya kuigeuza, iko njia ya mwisho, nayo ni kuzima mota hewani, kwa desturi kwa kuvivuta vijiti vyote viwili chini na ndani kwa pamoja. Itaanguka kama jiwe, na haitafaa tena. Mrushaji aifanye pale tu mahali pa kuangukia pangali patupu, na asihesabu bei yake wakati huo. Juu ya foleni ya Mokambo, penye kina mama wauzao chakula kati ya magari, pengo hilo tupu halipatikani, na hiyo ndiyo hoja yangu ya kutorusha juu ya foleni kabisa, bali kando yake.

Ikisha kuanguka, mambo mawili humngoja mwenyewe. La kwanza ni moto. Betri ya lithiamu iliyopasuka au kutobolewa yaweza kutulia kwa dakika kadhaa kisha ikawaka, na nyasi za Katanga mwezi wa Agosti hazihitaji kushawishiwa. Aendaye kuitafuta achukue mtu wa pili na chombo cha kuchotea mchanga, na betri iliyovimba asiitie mfukoni wala garini. Programu huhifadhi mahali chombo kilipoonekana mara ya mwisho, na nyingi zaweza kukiamuru kilie na kuwaka taa kwa muda betri ingali na uhai, basi asichelewe.

La pili ni serikali. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, wakati ambapo aliyewaza juu ya droni ya harusi hakuwapo, kinakataza ndege isiyo na rubani kupita juu ya nchi nyingine bila ya idhini maalumu ya nchi hiyo; na kifungu hicho hakitenganishi chombo kilichovuka kwa kusudi na kilichochukuliwa na upepo. Iliyoangukia upande wa Zambia imekuwa, kwa wakati mmoja, habari ya anga, ya forodha na ya usalama, hasa kamera yake ikiwa na picha za kituo cha mpaka, ambacho hata kwa kamera ya mkononi hakipigwi picha pasipo ruhusa. Asithubutu mtu kuifuata kwa njia za panya. Ende kwenye kituo cha upande wake, mbele ya maofisa wa uhamiaji na wa forodha, akiwa na kitambulisho, risiti ya ununuzi na barua ya idhini ya mamlaka ya anga ya Kongo, aeleze saa na mahali ilipopotelea, na awaachie wao kuzungumza na wenzao wa ng'ambo. Huenda akairudishiwa, huenda asirudishiwe. Na asiye na barua hiyo mkononi namsihi asiikunjue mikono ya droni yake Mokambo hata kidogo. Bibi harusi atapendeza kwa kamera ya mkononi.